Anayelipia Barabara Asiyoiona

Katika msimu wa mvua uliopita, baada ya Misa ya Dominika kwenye kigango kimoja cha mbali cha parokia yetu, waamini walibaki kanisani kuzungumzia barabara. Siku chache kabla ya hapo mama mjamzito alikuwa amebebwa kwa machela kutoka kijijini hadi kituo cha afya, mwendo wa zaidi ya saa tano, kwa sababu daraja la miti lilikuwa limesombwa na maji na hapakuwa na gari wala pikipiki iliyoweza kupita. Mama alipona. Mtoto hakupona. Tulimzika siku ya Ijumaa, na Dominika ile baba yake alikuwa amekaa benchi la nyuma, kimya.

Kituo cha afya chenyewe ni kipya. Kina jengo zuri na wahudumu wenye moyo. Kilichokosekana siku ile ni njia ya kukifikia.

Niliwauliza waamini kwa nini jambo hili halijadaiwa kwa nguvu katika vikao vya kijiji na kata. Mzee mmoja, mwenyekiti mstaafu wa kigango, alisimama, akashika kofia yake mkononi, akasema: "Baba Paroko, sisi hapa hatulipi kodi. Kodi wanalipa wafanyakazi na wenye maduka huko mjini. Mtu asiyelipa atadai nini? Sisi tunaomba tu, na tukipewa tunashukuru." Wengi waliitikia kwa kichwa.

Maneno yale hayajanitoka moyoni. Mzee aliyasema kwa unyenyekevu wa kweli, lakini hayakuwa ya kweli. Na juu ya dhana hiyo isiyo ya kweli umejengwa uhusiano mzima kati ya mwananchi wa kijijini na Serikali yake: huyu anaomba, yule anatoa, huyu anashukuru, yule anashangiliwa. Ndiyo maana tunasikia ikisemwa kwamba barabara fulani "imeletwa" na kiongozi fulani, kana kwamba aliitoa mfukoni mwake. Katika makala hii napenda kuonyesha kwamba maskini wa nchi yetu ni mlipakodi, tena wa kila siku. Kwa hiyo miundombinu kwake si hisani ya kuombwa. Ni haki aliyokwisha kuilipia.

Kodi iliyofichwa ndani ya debe la mahindi

Hatua chache kutoka kanisa la kigango kile ipo mashine ya kusaga. Inaendeshwa kwa dizeli. Kila lita ya dizeli na petroli inayouzwa nchini hubeba tozo ya barabara na mafuta, ambayo ndiyo chanzo kikuu cha Mfuko wa Barabara. Tozo hiyo haiulizi iwapo lita ile itaendesha gari kwenye lami au itazungusha mashine iliyofungwa kwenye sakafu ya saruji. Mashine ya kusaga haijawahi kupita barabarani hata siku moja tangu ilipofungwa, lakini inailipia barabara kila inapowashwa. Mwenye mashine naye si mjinga: anaifidia gharama hiyo katika bei ya kusaga debe. Mwisho wa safari, mama anayefika na debe la mahindi kichwani ndiye mlipaji. Mama yule hana gari wala baiskeli, na barabara ya lami anaiona anapokwenda mjini mara moja au mbili kwa mwaka. Hata hivyo amechangia lami hiyo kwa kila kisonzo cha ugali alicholisha watoto wake.

Tuendelee. Akipanda bodaboda kwenda mnadani, ndani ya nauli mna tozo ileile. Akinunua sabuni, nguo au muda wa maongezi wa simu, analipa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Ni kweli, na ni haki kusema hivyo, kwamba sheria imeviweka vyakula visivyosindikwa nje ya kodi hiyo. Lakini hakuna anayeishi kwa mahindi mabichi peke yake. Tajiri na maskini wanaponunua kipande kimoja cha sabuni, wanalipa kodi ileile. Tofauti ni kwamba tajiri hutumia sehemu ndogo tu ya kipato chake kununua mahitaji, na kinachobaki hukiweka akiba au hununua kiwanja. Maskini hutumia chote. Kwa hiyo kodi inayofuata manunuzi humfuata maskini katika karibu kila shilingi anayoipata.

Mkulima anapouza mazao, halmashauri hutoza ushuru wa mazao. Mwaka 2017 viwango vilipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, jambo lililostahili pongezi. Lakini tazama msingi wa ushuru huo: unatozwa juu ya mauzo ghafi, si juu ya faida. Kampuni hulipa kodi ya mapato ya asilimia 30 baada ya kutoa gharama zake. Ikipata hasara, hakuna faida ya kutozwa. Mkulima ambaye bei ya mbolea imemla, akauza kwa hasara, ushuru wake uko palepale. Kisheria mlipaji ni mnunuzi, lakini kila aliyewahi kusimama kwenye ghala la kijiji anajua kwamba mnunuzi huukata kwenye bei kabla hajafungua pochi.

Kisha iko kodi isiyoandikwa popote: nguvu kazi na michango. Wananchi wa kijiji kile walichimba msingi wa kituo cha afya, wakasomba mchanga na mawe, wakachangia fedha. Mkazi wa mjini mwenye barabara ya lami mlangoni hajawahi kuitwa kuichimba. Mkazi wa kijijini analipa tozo ya barabara kwenye unga, kisha Jumamosi anaitwa na jembe lake kwenda kufukia mashimo.

Mfanyakazi mwenye mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hakatwi kodi ya mapato kwenye mshahara huo. Sheria imetambua kwamba kipato kidogo kinastahili kuachwa kiliwe. Huruma hiyo ni njema. Lakini huruma ya namna hiyo haipo kwenye lita ya dizeli, wala kwenye kipande cha sabuni, wala kwenye mfuko wa saruji. Kwa mkulima asiye na mshahara, huko ndiko kodi yake yote iliko.

Tozo inayoonekana na tozo isiyoonekana

Wasomaji wanakumbuka Julai 2021, ilipoanza tozo ya miamala ya simu. Kila aliyetuma au kutoa fedha alikatwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kulingana na kiasi cha muamala. Kilio kilikuwa kikubwa, na mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Ikaendelea kurekebishwa mwaka 2022, na katika bajeti ya mwaka 2023/24 Serikali ikaifuta tozo ya kutuma fedha. Wakati uleule Serikali ilieleza kwamba mapato yake yalijenga vituo vya afya na madarasa, na majengo hayo tunayaona. Sitaki kuyadharau.

Lakini bajeti hiyohiyo ya 2023/24 ilileta mambo mawili mengine: nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya miradi ya kimkakati, na tozo ya shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Miaka miwili kabla, mwaka 2021, shilingi 100 nyingine kwa lita zilikuwa zimeongezwa kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA. Kuhusu nyongeza hizi kelele zilikuwa ndogo kuliko zile za simu. Kwa nini? Kwa sababu tozo ya simu ilijitangaza. Ulituma shilingi 20,000 kwa mama yako, ukasoma kwenye ujumbe kiasi ulichokatwa. Tozo ya mafuta na ya saruji haitumi ujumbe. Inajificha ndani ya bei, nasi tunamlaumu dereva na mwenye duka.

Hapa pana somo zito la kimaadili. Kodi inayoonekana huzaa swali, na swali huzaa uwajibikaji. Kodi isiyoonekana huzaa manung'uniko yasiyo na anwani. Mwananchi asiyejua kwamba amelipa hawezi kuuliza fedha yake imekwenda wapi. Na asipouliza, mwenye kugawa hulazimika tu kuwasikiliza wanaouliza, ambao kwa kawaida ni wale wenye elimu, simu za viongozi na ofisi za karibu. Mzee wa kigango chetu alikuwa amenyang'anywa sauti yake kwa kutojua tu kwamba ni mlipakodi.

Nani anavuna?

Tukishajua nani analipa, ni lazima tuulize nani anavuna. Haki ya kodi haipimwi kwenye ncha moja tu.

Mtandao wa barabara zilizo chini ya TARURA una zaidi ya kilomita 144,000. Ule wa barabara kuu na za mikoa, ulio chini ya TANROADS, una zaidi ya kilomita 36,000. Kwa miaka mingi mgawanyo wa Mfuko wa Barabara uliupa mtandao ule mrefu, ambao sehemu yake kubwa ni udongo, asilimia 30 tu, na sehemu kubwa iliyobaki ikaenda kwenye barabara kuu na za mikoa. Zipo sababu za kitaalamu: barabara kuu hubeba mizigo mizito ya taifa zima na ya nchi jirani. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba barabara ambayo maskini huikanyaga kwa miguu yake ndiyo iliyoambulia kidogo. Nyongeza ya mwaka 2021 ilikusudiwa kurekebisha hali hiyo, na katika maeneo kadhaa imefanya kazi. Lakini tukumbuke kwamba marekebisho hayo nayo yalilipiwa na mashine ya kusaga.

Tutazame reli ya kisasa. Mwaka 2024 treni zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kisha hadi Dodoma. Ni kazi ya kujivunia, na nimesafiri nayo kwa furaha. Lakini nilipotazama waliokuwa kwenye behewa langu, niliona watumishi wa umma, wafanyabiashara, wanafunzi wa vyuo, mapadre na watawa. Reli hiyo imejengwa kwa kodi na kwa mikopo ambayo italipwa kwa kodi ya wote, pamoja na wa mikoa ambayo haitaiona reli hiyo kwa miaka mingi. Sisemi kwamba isingejengwa. Nasema tuliokaa kwenye kiti kile tulikuwa na wadeni wenzetu wasiokuwamo ndani.

Jijini Dar es Salaam kuna madaraja mawili yanayoeleza jambo hili vizuri zaidi. Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016. Lilijengwa kwa ubia wa Serikali na mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, na vyombo vya moto hulipia kupita. Baada ya malalamiko ya muda mrefu viwango vilipunguzwa mwaka 2022. Mwaka huohuo likafunguliwa Daraja la Tanzanite, linalotoka karibu na Hospitali ya Aga Khan kuelekea Coco Beach, upande wa Oysterbay na Masaki. Hilo hupitwa bure. Tofauti ina maelezo yake: la kwanza lilitumia akiba za wafanyakazi, ambazo ni lazima zirudi, la pili lilijengwa na Serikali kwa mkopo wa nje. Lakini mkopo huo nao unalipwa na walipakodi wote. Basi dereva wa bajaji wa Kigamboni analipia daraja lake, na kwa njia ya kodi analichangia pia daraja la wengine, ambao wao hawachangii lake kila asubuhi. Pengine hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Ndivyo dhuluma nyingi zinavyozaliwa: kila uamuzi una sababu yake, na hakuna aliyekaa kujumlisha.

Liko pia vuno lisilosemwa sana, nalo ni thamani ya ardhi. Barabara ya lami inapopita, kiwanja kilichonunuliwa kwa bei ya shamba hugeuka dhahabu bila mwenye nacho kunyanyua jembe. Wenye habari mapema hununua mapema. Ukulima na ufugaji husogezwa nyuma. Jamii nzima imelipia thamani hiyo, lakini inaingia mfuko wa mmoja. Je, kodi ya majengo huirudisha sehemu yake kwa jamii? Mwaka 2021 kodi hiyo iliingizwa kwenye ununuzi wa umeme kwa LUKU, kwa kiwango kimoja kwa kila nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa: shilingi 1,000 kwa mwezi, kiwango ambacho baadaye kilipandishwa. Ni njia rahisi ya kukusanya, na nyepesi kwa wengi. Lakini jumba la kifahari lisilo na ghorofa, kando ya lami, na nyumba ya vyumba viwili ya mwalimu kwenye kata isiyo na daraja, yote yalihesabiwa sawa. Aliyevuna sana na aliyevuna haba wakaletewa hesabu moja.

Ufalme uliovunjika kwa sababu ya kodi

Maandiko Matakatifu hayako mbali na mambo haya. Mfalme Solomoni alikuwa mjenzi mkuu. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinaeleza kwamba hekalu lilijengwa kwa miaka 7, na ikulu yake kwa miaka 13. Kuihudumia nyumba ya mfalme, nchi iligawanywa katika wilaya 12, kila moja ikilisha ikulu kwa mwezi mmoja wa mwaka. Watu 30,000 waliwekwa katika shokoa na kupelekwa Lebanoni kwa zamu. Wataalamu wengi wa Maandiko wamegundua kwamba katika orodha ya wilaya zile kabila la mfalme mwenyewe, Yuda, halionekani waziwazi. Makabila ya kaskazini yalibeba mzigo. Uzuri wa mawe na mierezi ukaonekana Yerusalemu.

Solomoni alipokufa, watu walimwendea mwanawe Rehoboamu wakiwa na ombi moja tu: awapunguzie nira. Hawakukataa kumtumikia. Wazee walimshauri kijana huyo awe mtumishi wa watu, nao watakuwa watumishi wake siku zote. Akawasikiliza vijana wenzake, akaahidi nira nzito zaidi. Siku ile ufalme ulivunjika vipande viwili. Yafaa tukumbuke kwamba aliyewaongoza waliojitenga, Yeroboamu, aliwahi kuwa msimamizi wa kazi za ujenzi za Solomoni, juu ya watu wa nyumba ya Yosefu. Aliyajua manung'uniko kutoka kwenye eneo la ujenzi lenyewe.

Jirani zetu wa Kenya walipitia jambo la kutisha Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Muswada wa Fedha. Watu wengi walipoteza maisha kabla Rais hajakataa kuutia saini. Hakuna mtu mwenye akili anayetamani hayo. Lakini ni ishara kwamba swali la nani analipa na nani anavuna lisipojibiwa kwenye vikao, litaulizwa barabarani.

Kanisa linafundisha nini?

Kanisa halijawahi kufundisha kwamba kodi ni uovu. Katekisimu inahesabu kulipa kodi kuwa wajibu wa kimaadili unaotokana na kuwajibika kwa manufaa ya wote, na inauweka udanganyifu wa kodi katika orodha ya matendo yanayovunja amri ya saba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika *Gaudium et Spes* namba 30, uliwakemea wanaotumia hila kukwepa kodi za haki. Mfanyabiashara Mkristo anayeuza bila risiti asijifariji kwamba anaidanganya Serikali tu. Anamwongezea mzigo mama wa debe la mahindi, ambaye hana namna ya kukwepa.

Lakini mafundisho hayohayo yanamfunga pia anayetoza na anayegawa. Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka *Mater et Magistra* wa mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, alifundisha kwamba katika mfumo wa kodi wa haki mzigo unapaswa kulingana na uwezo wa mlipaji. Aliongeza jambo ambalo kwetu ni kama limeandikwa jana: wanaotoza wakulima wakumbuke kwamba kipato cha kilimo huja polepole na hukabiliwa na hatari nyingi. Na katika waraka huohuo aliwataka wenye mamlaka kuhakikisha vijijini panakuwa na huduma za msingi, akizitaja barabara, usafiri, maji safi na afya. Nayo Muhtasari wa Mafundisho Jamii ya Kanisa, katika namba 355, inaweka mambo matatu pamoja: kulipa kodi kama wajibu wa mshikamano, utozaji wenye busara na haki, na uadilifu katika kusimamia na kugawa mali ya umma. Yote matatu husimama au huanguka pamoja. Papa Fransisko, alipokutana na maofisa wa mamlaka ya mapato ya Italia Januari 2022, aliwakumbusha uhalali, kutopendelea, na uwazi.

Kanisa nchini limewahi kulisemea jambo hili bila woga. Mwaka 2012 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA, lilitoa ripoti ya pamoja kuhusu mapato makubwa ambayo taifa lilikuwa likiyapoteza kupitia misamaha na ukwepaji wa kodi. Miaka minne kabla, kamati ya kuchunguza sekta ya madini iliyoongozwa na Jaji Mark Bomani ilikuwa imegusa suala la misamaha ya tozo ya mafuta kwa kampuni za madini. Hebu tulitafakari hilo: kulikuwa na wakati ambapo mgodi wa dhahabu ulisamehewa kwenye mafuta kile ambacho mashine ya kusaga ya kijiji ililipa hadi senti ya mwisho.

Pingamizi lenye uzito

Ndugu mmoja mchumi, Mkatoliki mwema, aliniambia: "Padre, nchi haijengwi kwa kugawa vijiko sawa kila mahali. Reli na bandari vikifanya kazi, bei za bidhaa zitashuka, na hata mama wa kijijini atafaidika." Pingamizi hili ni la kweli kwa sehemu kubwa. Mbolea inayofika kwa treni inaweza kuwa nafuu. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, unaweza kufika mbali. Tena kodi ya mafuta ni rahisi kukusanya, ngumu kuikwepa. Ile ya mapato inahitaji kumbukumbu ambazo wengi hawana.

Namjibu hivi. Faida inayosafiri kutoka bandarini kwenda kwa mkulima husafiri kwa barabara. Ikikuta daraja limevunjika, inaishia pale. Lori lisipofika kijijini, anafika mnunuzi mmoja mwenye gari la kupita matopeni, naye hupanga bei na kujaza gunia hadi lumbesa, kwa sababu hana mshindani. Kwa hiyo kilomita zile za mwisho si mapambo ya kuongezwa baada ya miradi mikubwa kukamilika. Ni mahali ambapo miradi mikubwa huanza kumfaa aliyeilipia. Na kama ni lazima tutumie kodi iliyo rahisi kukusanywa kutoka kwa maskini, basi ugawaji ndio unaobaki kuwa nafasi yetu ya kutenda haki.

Tufanye nini?

Kwanza, tuwafundishe waamini kwamba wao ni walipakodi. Katika jumuiya ndogondogo, baada ya kusoma Injili ya Zakayo, tuchukue kalamu tuhesabu pamoja: dizeli ya kusaga, nauli, sabuni, saruji, ushuru wa mazao. Nimefanya hivyo katika jumuiya mbili, na nimeona watu wakinyoosha migongo.

Pili, tutumie vikao vilivyopo. Katiba yetu, ibara ya 138, inasema kodi haitozwi ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge, yaani kwa idhini yetu kupitia wawakilishi wetu. Mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kusomewa mapato na matumizi. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwasilishwa bungeni kila mwaka. Diwani na mbunge waulizwe kwa heshima na kwa takwimu: katika fedha za barabara za mwaka huu, kata yetu imepata kiasi gani, na kwa kigezo gani?

Tatu, wenye mamlaka waombwe wajumlishe. Kila tozo mpya inapopendekezwa, ielezwe si tu itakusanya kiasi gani, bali itatoka kwa nani na itamfikia nani. Kodi ya majengo na ardhi itazame thamani, ili aliyepandishiwa thamani na lami ya umma arudishe sehemu. Na katika kupanga barabara, kigezo cha uhai kitangulie: wapi mama mjamzito hawezi kufika kwenye kituo cha afya wakati wa mvua?

Nne, tujitazame sisi wenyewe. Taasisi za dini hupata misamaha ya kodi kwa sababu ya huduma zake. Ni aibu mbele ya Mungu pale jina la taasisi linapotumika kumwingizia mtu binafsi gari au bati bila kodi. Na parokia isiyosoma hesabu za michango mbele ya waamini haina mdomo wa kuidai Serikali isome zake.

Nilirudi kwenye kigango kile baada ya wiki tatu. Mzee wetu alikuwepo. Tuliketi kwenye kivuli cha mashine ya kusaga, nikamweleza habari ya lita ya dizeli, naye akamwita mwenye mashine athibitishe. Alinyamaza kwa muda mrefu, akitazama akina mama waliokuwa kwenye foleni na madebe yao. Kisha akaniuliza: "Kwa hiyo, Baba, hata yule mama tuliyembeba alikuwa amelipa?" Nikamjibu, ndiyo, alikuwa amelipa. Dominika iliyofuata jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya wanaokwenda kuonana na diwani.